Chagua Sauti Kabla ya Kitabu: Vidokezo kwa Wasikilizaji wa Kakuyuni

Kitabu cha sauti kina faida kubwa kwa mtu wa Kakuyuni: hakimdai mikono wala macho. Unaweza kusuka makuti, kubangua korosho, kupalilia mahindi, au kukaa ndani ya matatu inayotoka Malindi kwenda Langobaya, huku riwaya nzima inaingia masikioni. Lakini kitabu hicho ni kazi ya watu wawili, aliyeandika na anayesoma, na huyu wa pili anaweza kuikuza kazi ya mwenzake au kuiua kabisa. Riwaya nzuri ikisomwa ovyo utaiacha katika sura ya pili, na lawama zote utamtupia mwandishi asiye na kosa. Vidokezo vifuatavyo ni vya kukusaidia kuchagua, kusikiliza, na hatimaye kusoma mwenyewe.

1. Tafuta jina la msomaji kwanza

Watu wa pwani tuna sikio la jambo hili tangu zamani. Anayesikiliza Qurani anajua tofauti ya Abdul Basit na Mahmoud Khalil al-Husary, wote wa Misri. Maneno ni yale yale, hakuna herufi inayozidi wala kupungua, lakini Abdul Basit huvuta pumzi ndefu mpaka msikilizaji naye anajikuta amezuia yake, na al-Husary huenda polepole, kila herufi ikipewa haki yake. Al-Husary ndiye aliyerekodi msahafu mzima mwaka 1961, na hadi leo wanaojifunza kusoma humfuata yeye.

Mashairi nayo yamepita njia hiyo. Tungo za Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu zilifika mbali kwa kanda za kaseti, zikiwa zimeghaniwa na watu wenye sauti za kupendeza. Mtunzi alijua kazi yake ni kutunga, na kwamba koo la kuifikisha kwa watu linaweza kuwa la mtu mwingine. Kwa majirani zetu wa Tanzania, makala za Denis Mpagaze zimevuma kwa sauti ya Ananias Edgar, na majina yote mawili hutajwa. Hapa Kenya, katika vibanda vya video, watu wangapi wamewahi kuuliza filamu inaitwaje? Wanachouliza ni kama imesimuliwa na DJ Afro.

Basi na kitabu cha sauti ukifanyie hivyo. Jina la msomaji lijue mapema, na ukimpata anayekukonga moyo, fuata kazi zake nyingine hata kama waandishi wake huwajui. Nimewafahamu waandishi wengi kwa njia hiyo kuliko kwa kusoma tahakiki.

2. Onja katikati

Dakika za mwanzo kila mtu husoma kwa bidii. Koo ni bichi na hamu ipo. Ubora wa msomaji hujulikana saa moja baadaye, akishachoka. Kama programu unayotumia inaruhusu, ruka hadi katikati ya kitabu, utafute mahali ambapo watu wawili wanajibizana, halafu sikiliza dakika tatu. Kama unawajua wanaosema bila kungoja "akasema Fulani", endelea. Kama wote wawili wana sauti moja, na sauti yenyewe ni ya mtu anayesoma tangazo la mkutano wa chifu, tafuta kitabu kingine.

3. Sikiliza viambishi

Hapa ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili huanguka, na ndipo ninapokuwa mkali zaidi.

Neno moja la Kiswahili hubeba sentensi nzima. "Atakuja" na "hatakuja" zinatengwa na sauti moja tu, tena iko mwanzoni kabisa, mahali ambapo msomaji mzembe ndiyo kwanza anavuta pumzi. Ikimezwa, bwana harusi aliyekataa anakuwa amekubali, na msikilizaji atakaa sura mbili nzima akishangaa mbona bibi harusi analia. "Alimpiga" na "alimpigia" zinatofautiana karibu na mwisho: moja ni ngumi, nyingine huenda ni simu. "Asome" ni amri au matumaini, "asoma" ni jambo linalotendeka sasa. Kwenye karatasi jicho linaweza kurudi nyuma likahakikisha. Sikio halirudi. Mikono yako imo kwenye kuti unalosuka, na hutasimama kila mara kubonyeza simu.

Msomaji hodari hukamilisha kila neno, kuanzia kiambishi cha kwanza hadi irabu ya mwisho, bila kulikata kama mwalimu wa imla. Jaribu kumpima kwa sentensi yenye "-nge-" au "-ngali-". Sentensi za masharti ni ndefu, zina majuto ndani yake, na anayezisoma lazima ajue tangu neno la kwanza zinaelekea wapi. Akishuka sauti katikati kana kwamba sentensi imekwisha, hakuisoma kabla ya kuirekodi.

4. Lafudhi yake iache, uelewa wake upime

Kuna wanaofunga kitabu mara tu wanaposikia "zahabu" mahali pa "dhahabu". Mimi siwaungi mkono. Kiswahili kina watu wengi, na Mkenya wa Kitale au Mkongo wa Goma anaweza kusoma kwa lafudhi yake na bado akakutoa machozi. Kosa lisilovumilika ni kusoma sentensi usiyoielewa.

Hata hivyo, kitabu chenyewe kinaweza kudai lafudhi fulani. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi inaishi Unguja, na wahusika wake wakisemeshwa Kiswahili cha taarifa ya habari ya Nairobi, nusu ya utamu inapotea. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ina mtihani wa aina yake: Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuingia Kenya, hadi bara, kwa hiyo msomaji mzuri atawabadilisha watu anaokutana nao njiani bila kumbadilisha yeye. Walibora mwenyewe alikuwa mtangazaji, na mimi naamini ndiyo sababu sentensi zake zinasomeka kwa sauti bila kumkaba mtu pumzi.

5. Majina ya kwetu yatamkwe

Kadzo si "Kazo". Tsuma si "Suma". Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, hastahili kuitwa kwa kubabaisha katika kitabu kinachomsifu. Msomaji asiyejua namna jina linavyotamkwa anaweza kumpigia simu mtu wa Kilifi akaambiwa kwa dakika moja. Asiyefanya hivyo kwa jina ana mengine aliyoyaruka.

6. Ushairi usisomwe kama gazeti

Utenzi una vipande vinne katika kila ubeti, mizani minane kila kipande. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne kinabeba kina kinachopita utenzi mzima. Mpango huo ulitengenezwa kwa ajili ya sikio. Mwana Kupona alipotunga utendi wake kwa binti yake mwaka 1858, alitunga kitu cha kughaniwa, na wanawake wa pwani walikihifadhi hivyo.

Kwa hiyo ukipata diwani ya sauti, jiulize kama unakisikia kile kina cha mwisho kikirudi. Si lazima msomaji aimbe. Wapo wanaosoma kwa sauti ya kawaida na bado mizani inatembea. Lakini akiunganisha mishororo kama habari za bei ya mahindi, zima, ukatafute kanda ya zamani.

7. Tafuta anayezungumza nawe

Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown kule Mombasa, alianza kipindi cha *Je, Huu ni Ungwana?* mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Kila aliyemsikia alihisi anasemeshwa yeye peke yake, hapo alipo, na mzee anayemheshimu. Wanajeshi waliojaribu kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982 walimfuata yeye wamsomeshe tangazo lao, maana walijua nchi itaamini sauti hiyo. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha mwaka 1934, na katika nyumba moja kalamu na sauti zikafuatana.

Msomaji wa kitabu anahitaji kipaji hicho hicho. Wengi siku hizi wanasoma kwa sauti nzito ya matangazo ya filamu, kila sentensi ikishuka kana kwamba mtu atakufa. Inavutia kwa robo saa. Kwa riwaya ya saa nane inachosha, na hata kifo kinapotokea kweli hakuna tena pa kushukia.

8. Muziki wa chini uwe mdogo au usiwepo

Simulizi nyingi za mtandaoni huwekewa kinanda au ngoma chini ya sauti. Ukiwa studioni inapendeza. Ukiwa Kakuyuni, simu ndogo iko mfukoni, upepo unavuma kwenye minazi, bodaboda inapita, muziki huo unakula "s", "f" na "th" zote. Chagua rekodi ya sauti tupu. Na kama unasikilizia barabarani, tumia spika moja ya sikioni, sikio la pili liachie magari.

9. Mwandishi akijisomea, mpe nafasi, usimpe upendeleo

Barack Obama alijisomea *Dreams from My Father*, ambacho sehemu yake ya tatu inamleta Kenya, na akapata tuzo ya Grammy mwaka 2006 kwa usomaji huo. Trevor Noah naye alijisomea *Born a Crime*. Kitabu chake kinapita katika lugha nyingi za Afrika Kusini, na kwenye sauti unazisikia kama zilivyo, jambo ambalo karatasi haiwezi kukupa. Sisi ambao asubuhi moja tunapita kutoka Kigiriama kwenda Kiswahili hadi Kiingereza tunalielewa vizuri.

Hawa wawili, hata hivyo, ni watu waliozoea jukwaa. Kuna mwandishi mkubwa anayesoma kama anayeona haya mbele ya maneno yake. Huyo amwachie mwenye sauti.

10. Kasi: polepole kwa riwaya, mbio kwa taarifa

Programu nyingi zina kitufe cha kuongeza kasi. Wasioona wanaotegemea kusikiliza kila siku husikiliza kwa kasi ambayo mgeni hawezi kushika hata neno, na wao hupenda sauti safi, isiyo na madoido. Wana uzoefu mrefu: kule Uingereza vitabu vya sauti kwa wasioona vilianza mwaka 1935, kwenye sahani za santuri, na riwaya ya Agatha Christie ilikuwa kati ya vya kwanza. Wewe ukiwa na kitabu cha historia au cha biashara, ongeza kasi kidogo. Kwa riwaya ya Kiswahili iache kama ilivyo, kwa sababu ile ile ya viambishi niliyoitaja juu.

11. Sauti za mashine zina kazi yake

Microsoft wana sauti za Kiswahili zilizotengenezwa kwa kompyuta: Zuri na Rafiki za Kenya, Rehema na Daudi za Tanzania. Zinaweza kukusomea ukurasa wa habari ukiwa jikoni, na kwa mtu ambaye macho yamepungua nguvu ni msaada wa kweli. Zitumie bila wasiwasi kwa barua, ripoti, maelezo ya dawa na makala.

Riwaya usizipe. Mashine hutamka maneno bila kujua kwamba mhusika anadanganya. Mama anaposema "Haya, nenda" akiwa na maana ya "Usithubutu kwenda", binadamu hushusha sauti, mashine husoma alama ya mkato na kuendelea.

12. Hesabu bando

Sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa, kwa hiyo riwaya ya saa nane ni kama MB 230. Video yenye sauti hiyo hiyo hula nyingi zaidi, na picha huzitazami. Ukiwa Malindi penye waifai, pakua sauti peke yake uiweke kwenye memori kadi. Ukishusha ubora sana, "s" na "sh" zinaanza kufanana na mchanga, na hapo hata msomaji bora ataonekana mbaya.

13. Sikilizeni pamoja

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza yaliyoipata riwaya yake ya Kikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ilipotoka mwaka 1980. Familia zilikusanyika jioni, mmoja akasoma na wengine wakasikiliza. Kwenye baa alikuwapo msomaji ambaye glasi yake ikikauka, alinyamaza pale pale hadithi iliponoga, mpaka mtu amjazie. Wasikilizaji walilipa, maana alijua pa kukatia.

Weka spika ya bluetuthi chini ya mwembe, watu waje na kazi zao za mikono. Kitabu kinachosikilizwa na wengi huzaa mabishano, na utashangaa jinsi bibi ambaye hakuingia darasani anavyomgundua msomaji asiyeelewa anachokisoma kabla ya wewe uliyemaliza kidato cha nne. Makanisa yamelijua hilo: Agano Jipya la sauti, lenye wasomaji tofauti kwa kila mhusika, limetengenezewa hata vifaa vya nishati ya jua kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza.

14. Soma mwenyewe, urekodi

Vitabu vya sauti vya Kiswahili bado ni vichache, na vilivyosomwa na mtu wa Kilifi ni haba zaidi. Simu uliyonayo inatosha kuanza.

Chagua chumba kwa makini. Nyumba ya saruji na bati hurudisha sauti, na bati lenyewe hulia jua likipanda, tena mvua ikinyesha hutasikia hata neno. Nyumba ya makuti ni nzuri mno kwa kazi hii, kwani makuti humeza mwangwi. Kama huna, simamisha godoro ukutani nyuma ya simu na utundike leso pembeni. Weka simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili "p" na "b" zisipulize. Rekodi mapema kabla ya bodaboda kuanza, na jogoo mpeleke mbali.

Kisome kitabu chote kimyakimya kwanza. Weka alama ya kalamu mahali pa kupumua, andika pembeni sauti utakayompa kila mhusika, na uliza majina usiyoyajua. Ukikosea, nyamaza kidogo, rudia sentensi nzima kuanzia mwanzo, na kosa utalikata baadaye. Kunywa maji. Sura moja kwa faili moja.

Kwa watoto, anza na African Storybook: hadithi fupi za bure, nyingi zikiwa za Kiswahili, na leseni yake inakuruhusu kuzisoma na kuzirekodi mradi umtaje mwandishi. Riwaya yenye hakimiliki usiiweke mtandaoni bila ruhusa ya mchapishaji. Kwa wasioona mambo ni tofauti: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, umefungua njia ya kuwatengenezea nakala za sauti bila kuvunja haki ya mwandishi. Shule kama ile ya wasioona ya Likoni ina wanafunzi wanaosoma fasihi sawa na wenzao wenye kuona, na vitabu teule kama *Bembea ya Maisha* na *Nguu za Jadi* vinahitaji sauti nzuri.

Nawaomba walimu wa Kiswahili wa Kakuyuni, Jilore na Ganda: darasani mwenu yumo mtoto anayesoma mpaka wenzake wananyamaza. Mpeni hadithi moja na simu muhula huu, mrekodini, na rekodi hiyo ipelekwe kwa mtu mmoja wa kijiji ambaye hawezi kusoma.